Mji Mdogo Uliomhesabu Festo

Siku yangu ya kwanza katika yadi ya malori, kaskazini mwa Toronto, nilifika nimevaa viatu vya kanisani, maana ndivyo pekee nilivyokuwa navyo vya kufunika vidole. Mkuu wa yadi, mzee wa Kipunjabi mwenye ndevu nyeupe, alinitazama miguuni, kisha akaniuliza nimesoma wapi. Nikamwambia darasa la saba, Singida. Akasema, "Shule sikuulizi tena. Unaweza kuunga?"

Kuunga, vijana, ni kurudisha nyuma kichwa cha lori mpaka kiingie chini ya tela na taya lake, ile kufuli ya chuma nyuma ya kichwa, lishike pini ya tela. Ukisikia mlio, usifurahi bado. Unashuka, unachungulia kwa tochi kama taya limefunga, halafu unapanda na kuvuta kidogo huku breki za tela zimeshikilia. Tela likigoma kwenda, umeunga. Mimi niliunga kwa jaribio la kwanza. Wenzangu wenye diploma walikuwa bado wanazunguka yadi wakigonga koni. Sioni haya kusema hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Nilianzia mizigo ya karibu: vigae kwenda Markham, majokofu kwenda Pickering. Kisha nikapewa njia ya Montreal. Baadaye mpanga safari, yaani yule anayekaa ofisini akiamua lori gani liende wapi, akaniita. Alikuwa mama wa Kijamaika, hacheki ovyo. Akanipa njia ya Marekani ambayo wenzangu walikuwa wanaikwepa, kwa sababu mji wenyewe uko milimani, hauna hoteli wala mzigo wa kurudi nao. Akasema, "Wewe unapenda kujisifu. Nenda ukawasifie wa kule."

Nikawa napeleka mbao kwenye karakana ya milango. Mbao zinapakiwa kwenye tela bapa, lile lisilo na kuta, zinabanwa kwa mikanda na kufunikwa turubai. Mikanda inalegea njiani, kwa hiyo dereva mwenye akili anasimama mapema kuikaza upya. Mimi mzigo wangu haukuwahi kuteleza.

Jina la mji siliandiki. Watu wake hawafiki hamsini, wazungu watupu, wengi wazee. Historia yake naijua kuliko historia ya kijiji chetu. Ulianza kama kituo cha treni kuchukua maji. Kikaja kiwanda cha kupasua magogo, watu wakajaa, ikajengwa shule na makanisa mawili. Treni ikaacha kupita. Kiwanda kikaungua. Shule ikafungwa, kanisa moja likawa ghala la mahindi. Waliobaki ni wa karakana, wachache wafugao ng'ombe, na Bibi Edna wa posta, ambaye ndiye alinisimulia yote haya nikisubiri mbao zishushwe.

Pale mjini unapoingia pana kibao chenye idadi ya watu. Kwingine Marekani namba hiyo inakaa miaka bila kuguswa. Kwao, mtu akizaliwa, akifa au akihamia, mji mzima unatoka kwenda kwenye kibao. Jina linatajwa kwa sauti, Bibi Edna anachukua brashi na kubadilisha namba, kisha wote wanakwenda kula ukumbini. Nilishuhudia mara kadhaa nikiwa nimesimama pembeni na kofia mkononi. Nikatamani jina langu litajwe pale. Nilikuwa nimewaletea mbao majira mengi ya theluji bila kukosa, nimevuta basi la kanisa lao kutoka mtaroni, na Bibi Edna mwenyewe alikuwa akisema, "Wewe ni kama wetu." Lile neno nililishika.

Kisha akaja Festo. Kijana wa Iringa, ana digrii, mpole, Kiingereza chake kimenyooka. Nilimfundisha kazi mimi. Nilimpeleka kwenye ule mji, nikamwonyesha wapi pa kugeuzia tela, nikamsimulia habari za treni na kiwanda. Nilipofanyiwa upasuaji wa goti, njia akapewa yeye.

Niliporudi kazini nikamkuta yumo kila mahali. Karakana wanauliza Festo hajambo? Bibi Edna ananisimulia jinsi Festo alivyoimba kanisani. Watu wananieleza historia ya mji wao kama Festo alivyowaeleza, kumbe maneno ni yangu. Mwaka uliofuata akamwoa Ruth, binti wa mwenye karakana, akahamia.

Nilikuwepo siku ya kibao. Walitaja jina lake, wakalitaja vizuri kabisa, na namba ikapanda. Festo akaja kunikumbatia. "Kaka, bila wewe nisingepajua hapa," akaniambia. Nikamwambia najua.

Nikamfuata Bibi Edna akiosha brashi. Nikamuuliza waziwazi: na mimi je, miaka yote hii? Hakucheka. Akasema, "Namba ni ya watu tutakaowazika hapa. Wewe utazikwa hapa?"

Swali lile niliendesha nalo mpaka Toronto. Nikamweleza mke wangu, Mama Neema, kwamba nafikiria kutafuta sehemu ya kaburi kwenye makaburi ya ule mji. Aliacha kumenya ndizi.

"Na mimi nitazikwa na nani?"

"Tutakwenda wote."

"Baba Neema, mimi nimezalia hapa, kanisa langu liko hapa, wanangu wako hapa. Miaka yote nilijua una mwanamke huko Marekani. Nilikuwa nanusa mashati yako. Kumbe kibao!"

Wiki nzima alinisemesha kupitia kwa watoto, nao wanafikisha ujumbe kwa Kiingereza. Nikaona nikiupata ule mji nitampoteza huyu. Habari ya kaburi nikaiacha.

Safari yangu ya mwisho kwenda kule, kabla ya kuacha usukani wa lori, sikubeba mbao; nilimpitisha Mama Neema kwa gari letu dogo akaone. Nikaegesha kando ya barabara. Akashuka na mtandio wake, akakizunguka kibao mbele na nyuma, akakipima kwa kiganja.

"Ndicho hiki?"

"Ndicho."

"Mbona kidogo hivi?"

Akarudi garini kunywa chai ya chupa. Mimi nikabaki nimesimama. Namba ilikuwa imepanda tena, Festo na Ruth wamepata mtoto wa kike.

Sasa nimestaafu. Nina malori yangu mwenyewe, nyumba Pickering, na madereva wananiita bosi, wengine wamesoma mpaka chuo kikuu. Kwa mtu aliyeanza na viatu vya kanisani, mnisifu, nimestahili. Ninyi mnaoingia kazini leo mna ramani zinazoongea na breki zinazojikamata zenyewe. Bado shukeni mtazame taya kwa macho yenu. Na mkipelekwa mahali pasipotakiwa na wenzenu, pokeeni, huenda mkapapenda. Ila mkishapapenda, msiwe wepesi kumwonyesha mtu.

Festo hunipigia simu kila Jumapili, ananiita kaka, ananiulizia goti. Ni kijana mwema, sina neno naye. Naiacha iite kwanza, iite weee, ndipo napokea.