Boriti Iliyopinda Jioni ya Maandalio

Wenzangu, kama hamjawahi kumwona mtu wa kanisa akikasirikia maombi, mngekuwa Keroka Ijumaa ile, katika karakana ya Obadiah, mkamwona Roselyne Nyanchera ameshika kiuno mbele ya mashine yake.

Nyanchera alianzia kwenye mageti na madirisha, miaka mingi ya cheche na kofia nzito ya kuchomelea. Halafu Obadiah akaleta mashine ya kuunda boriti. Ni kitu cha kukaa ukakitazama, nawaambia. Unailazia mabamba matatu ya chuma, inayabana, kisha kichwa cha kuchomelea kinatembea juu ya reli chenyewe, bila mkono wa mtu. Kikimaliza upande mmoja, boriti inageuzwa, kinaanza wa pili. Fundi aliyetoka nayo Nairobi alimfundisha Nyanchera, akaenda zake.

"Mama," Obadiah akamwambia, "ukiharibu boriti moja tu, namrudisha yule jamaa, na wewe unarudi kwa mageti."

Sasa ilibaki boriti ya mwisho ya paa la kanisa lao la Kisabato. Nyanchera alipanga aanze baada ya chakula cha mchana, amalize pande zote mbili kabla jua halijazama na Sabato kuingia. Maana upande mmoja ukichomelewa na wa pili ukaachwa, chuma kikipoa hujivuta, na boriti hupinda.

Kidole kilikuwa karibu na kitufe pale mzee Ratemo, mzee wa kanisa, alipoingia na kina mama kadhaa nyuma yake.

"Bwairire, mwanangu," akamsalimu kwa Kikisii. "Hatuwezi kuacha boriti ya Bwana ianze bila maombi."

"Karibuni, mzee. Ila naomba yawe mafupi."

"Mafupi kabisa."

Wakaimba kwanza, beti zote. Kisha Ratemo akafumba macho. Akaanza na wamisionari walioleta Injili. Akaombea umeme, akaombea waya, akaombea waliochimba chuma huko ambako hakuna aliyekujua. Kila alipokaribia amina, alikumbuka mgonjwa mwingine. Nyanchera alifumbua jicho moja akatazama kivuli cha mlingoti kikirefuka uani.

Hatimaye mashine ikaanza. Upande wa kwanza ukaisha vizuri, mshono laini kama umepakwa kwa kijiko. Wa pili haujafika katikati, Ratemo akanyanyua kofia yake, akatazama nje.

"Zima, Nyanchera. Jua hilo linaondoka."

"Mzee, itapinda! Na mimi nimekaa tu, inajiendesha yenyewe."

"Amri ya Sabato imetaja mpaka mnyama wako apumzike."

"Mashine haikutajwa."

"Haikutajwa kwa sababu haikuwako. Zima, mwanangu."

Mama Gladys akanong'ona kwa sauti ya kusikika: "Si tungewaacha wamisionari wapumzike?"

Nyanchera akazima. Yeye pia ni Msabato, angefanyaje? Lakini kitoroli cha kubebea chuma alikipiga teke lililosikika barabarani.

Jumapili asubuhi boriti ilikuwa imejikunja kama ndizi. Obadiah tayari alikuwa na simu sikioni. Ratemo akaizunguka boriti, akatikisa kichwa.

"Kwani mashine hii ni mbovu?"

Nyanchera akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Mzee, shika huu uzi."

"Tuanze kwa neno la..."

"Shika uzi! Bosi, weka simu chini, nipe mpaka jioni."

Akamalizia mshono wa pili, kisha akawasha moto wa gesi. Akachoma upande uliofura, kidogo hapa, kidogo pale, akaacha chuma kipoe kijivute kurudi. Kila mara Ratemo anaulaza uzi juu ya chuma, wanachungulia mwanya uliobaki. Magoti yakamuuma mzee, mvua ikapiga mabati, chai ikapoa. Nyanchera hakumwachilia. Karibu na magharibi uzi ukagusa chuma mwanzo hadi mwisho. Obadiah akapima mwenyewe, akaguna, akaitia simu mfukoni.

Paa likapanda. Kanisa likaagiza boriti za ukumbi pia, na Ijumaa iliyofuata Nyanchera akawasha mashine alfajiri, geti likiwa na kufuli.

Ratemo akaja na kina mama wake, akabisha hodi. "Fungua, mwanangu, tuombe!"

"Ombea hapo hapo nje, mzee," Nyanchera akajibu bila kugeuka. "Hilo geti nililichomelea mwenyewe. Nafasi nilizoacha katikati ya vyuma zinatosha amina kupita."