Dungu la Tano

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, darasa langu la saba lilihamia shambani lote na kuniachia madawati. Huku upande wa Kibaoni hakuna mzazi atakayemwacha mtoto asome wakati kweleakwelea wanamaliza chakula cha mwaka mzima. Nilifoka wiki nzima. Nikamfokea mpaka mwalimu mkuu, naye akanijibu taratibu, "Ndugu, wewe mgeni. Foka tu, ila ndege hawakusikii."

Kilichoniumiza kichwa ni barua ya mkaguzi. Alikuwa anakuja kutoka Mpanda kuniangalia nikifundisha hesabu. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi kwa mama yangu kule Ikola kuanika dagaa. Na mada yenyewe ndiyo ile hesabu mpya iliyotutoa jasho hata sisi walimu: kuhesabu kwa sifuri na moja tu. Chuoni tuliambiwa kompyuta huhesabu hivyo. Kompyuta yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, hata huyo aliyetuambia.

Nikasema liwalo na liwe, nikachukua filimbi, nikawafuata huko huko.

Madungu, vile vichanja vya miti wanavyokaa watoto kuamia ndege wasile mpunga, yalikuwa matano kwenye mstari, kila moja na mwanafunzi wake. Nikawapa sheria moja. Ukiitwa ukiwa umekaa, simama, umemaliza. Ukiitwa ukiwa umesimama, kaa, halafu mpigie jirani yako anayefuata kelele, "Pokea!" Wa kwanza akisimama ni moja, wa pili mbili, wa tatu nne, wa nne nane, wa tano kumi na sita. Kundi la ndege likija, mimi napuliza filimbi, na hapo ameitwa wa kwanza. Hakuna anayehitaji kujua hesabu imefika ngapi. Kila mtu ashike sheria yake tu. Ukitaka jibu, unajumlisha waliosimama.

Siku ya kwanza ilikuwa vurugu tupu. Wa tatu alisinzia, wa pili alisimama kila alipojisikia. Siku ya nne, jamani, ilikwenda! Nilicheka peke yangu kwenye matope kama mwehu. Aliyelalamika ni binti wa dungu la tano tu, mrefu, mkimya: "Mwalimu, mbona mimi siitwi?" Nikamwambia avumilie, zamu yake huja mara chache.

Mkaguzi alitokea bila hodi, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu mkononi. Tulikuwa tumefika makundi kumi na mawili: wamesimama wa tatu na wa nne. Watoto wakamwona. Sasa huku, mtoto kumwamkia mkubwa huku kakaa, thubutu! Waliokaa wakainuka: "Shikamoo mwalimu!" Kumi na mbili yangu ikaharibika naiona hivi hivi.

Wote sasa walikuwa wamesimama, isipokuwa yule binti. Yeye alikaa tu.

"Huyu vipi?" mkaguzi akauliza. "Kwao hawafundishi salamu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamkaripia, "Wee! Simama umwamkie mgeni!"

"Sijaitwa, mwalimu," akasema. "Nikisimama naongeza kumi na sita za uongo." Kisha akawageukia wenzake. "Na nyie wawili wa mwanzo mlikuwa mmekaa. Kaeni."

Wakakaa, wameinamisha vichwa. Mkaguzi akataka maelezo, nikamweleza ile sheria na kwamba tumefika kumi na mbili. Mimi nilishaanza kunusa dagaa. Halafu mkaguzi akanivua filimbi yangu shingoni.

Akapuliza. Wa kwanza akasimama. Akapuliza tena, wa kwanza akakaa, "Pokea!", wa pili akasimama. Ya tatu, wa kwanza tena. Sasa walikuwa wamesimama wanne, na mkaguzi anawajumlisha kwa vidole. Akapuliza ya nne.

"Pokea!" "Pokea!" "Pokea!" "Pokea!" Wakakaa mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti ikafika mwisho wa shamba.

Binti akasimama peke yake. Akanyoosha gauni lake.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Kumi na sita." Mkaguzi akanirudishia filimbi. "Ndugu, ni wewe uliyemwambia asimame bila kuitwa?"

Nikakubali. Ningekataaje?

"Basi nitakuthibitisha," akasema. "Lakini ubaki hapa hapa, akumalizie kukufundisha."