Mkeka wa Mama Mkwe

Kongamano la hisabati lilikuwa Mikumi, na mimi, mwalimu wa sekondari kutoka Kilosa, nilipangiwa kuzungumza wa kwanza asubuhi. Nilikuwa na uthibitisho wangu kuhusu namba tasa, nimeuhangaikia miaka, na wataalamu hawajawahi kunisikiliza. Gesti za karibu na ukumbi zote zilijaa. Mke wangu akanipigia kutoka nyumbani Mabwerebwere, hukohuko Kilosa, akanifokea: mama yake anakaa jirani na ukumbi, natafuta gesti ya nini?

Kulala nyumba moja na mama mkwe kwetu ni aibu. Nilimwamkia nimeinamisha macho. "Marahaba, baba," akaitikia, kisha akanipa chumba chake, chumba pekee, yeye akatandika mkeka kwenye kisebule. Ningebisha vipi?

Asubuhi, suti mwilini, nikafungua mlango wa chumba. Mama amelala kukatiza njia, kajifunika shuka gubigubi. Kumruka mkwe? Afadhali nife. Kumgusa ndiyo kabisa. Nikakohoa. Nikakohoa tena, kama mgonjwa wa kifua. Akazidi kujikunyata. Nikampigia mke wangu, nikamnong'oneza ampigie mama yake amwamshe. Simu ya mama ikaita nyuma yangu, kitandani nilikolala, ilikokuwa inachajiwa.

Nikabaki pale kizingitini, nimekumbatia kompyuta, nasikia kipaza sauti cha ukumbini kikijaribiwa. Nilitaka kulia, mtu mzima na ndevu zangu.

Aliyeniokoa ni jirani, mama mmoja aliyekuja kuomba moto, akachungulia dirishani.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Sasa baba, mkweo atainukaje na wewe umemsimamia? Rudi ndani, umpitishie kanga zake, ufunge mlango."

Kanga zilining'inia nyuma ya mlango niliouegemea muda wote. Kumbe mama alikuwa macho tangu alfajiri, anasubiri nimpe nafasi ajistiri.

Nilifika ukumbini mbio. Msemaji mwingine alishapewa nafasi yangu, na mwenyekiti akaniambia kwa upole kwamba ratiba imejaa, nijaribu mwakani. Nikakaa viti vya nyuma, sikusikia hata neno moja.

Jioni mama akaniuliza, macho yake ukutani, "Walikusikiliza vizuri, baba?"

"Vizuri sana, mama."

Akamshukuru Mungu. Kisha, kwa kuwa kongamano lilikuwa bado linaendelea kesho yake, akachukua mkeka wake akautandika palepale.