Aliyeonja Kwanza

Jumamosi, sokoni Ngara, mpishi wa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya Mwingereza, aliagiza pombe ya ndizi. Mama muuzaji akaonja kwanza, kama ilivyo desturi huku.

“Mbona unaanza wewe?” akauliza mpishi huyo, mzee aliyetoka kusini.

“Ili ujue haina madhara, babu.”

Mzee akacheka. Akatuambia sisi wanywaji wenzake kwamba vita vya Maji Maji vilimkuta akiwa jemadari. Ndiye aliyewanywesha wapiganaji wake dawa ya kugeuza risasi za Wadachi kuwa maji.

Mama akamkazia macho. “Na wewe hukuionja kwanza?”

“Niliionja mbele yao wote. Ndiyo maana waliniamini.”

Mama akaonja tena, safari hii mafunda mawili makubwa. Sijui alikuwa akimhakikishia mzee au akijihakikishia mwenyewe.