Mlango Uliomfutisha Baba Kazi

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru, nikiwa na miaka minane, baba yangu alifutwa kazi. Alikuwa mpishi katika chuo cha wakoloni, upande wa Kariandusi. Mvua ilinyesha, akapitisha sinia ya chai mlango wa mbele badala ya kuzunguka hadi mlango wa jikoni, wa Waafrika. Basi. Shule yangu ikaishia darasa la pili. Kwa hivyo niliposikia serikali imekijenga upya chuo hicho, eti vijana wa kwetu na wa ng'ambo wabadilishane utamaduni, nilisema siku ya kufunguliwa nitaenda. Sikutaka hotuba. Nilitaka kupita mlango ule.

Asubuhi tulitoka Molo kwa pikapu yangu, binti yangu Nyambura akiendesha. Baridi ilitusindikiza mpaka karibu na Nakuru.

Chuoni nilikuta mawe yale yale yamesuguliwa, paa jipya, mlango ule ule mzito. Msichana mwenye beji akanisimamisha.

"Mzee, wewe ni wa ngoma?"

"Mimi ni wa viazi."

"Sawa, lakini wenyeji wote wanapitia jikoni. Mbele ni kwa wageni wa ng'ambo na wakubwa."

Nilipigwa na butwaa. Mzungu alishaenda. Huyu ni mtoto wetu, rika la wajukuu wangu, na aliyasema akitabasamu!

"Baba, twende tu jikoni," Nyambura akaninong'oneza. "Usituaibishe."

Nikapanda ngazi. Mlangoni alisimama askari, jina lake Barasa.

"Mzee, tafadhali. Ukipita hapa mimi nitafutwa."

Hapo ndipo niliposhtuka kabisa. Nilimtazama nikamwona baba na sinia yake.

"Ukifutwa, Molo kuna kazi," nikamwambia, nikampa namba yangu ya simu. Akageuza uso. Nikapita.

Ndani kulikuwa na viti tu.

Wakati wa kurudi tulipanda kwanza Kikopey kula nyama. Yangu nikamsogezea Nyambura. Nilichojifunza ni hiki: serikali imerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kila kitu.

Leo nina shamba la viazi, ng'ombe wanane wa maziwa, pikapu na lori moja. Nina nyumba ya mawe yenye mlango mmoja tu, wa mbele. Getini yuko Barasa. Alinipigia simu jioni ile ile.