Namba ya Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini, mapema 2007, nilivaa tai ya marehemu baba na viatu nilivyovipiga rangi mara mbili, halafu nikapelekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mbegu za viazi. Humo ndimo seva ya kampuni yetu ilimokaa. Ilikuwa kampuni ya wanachama walioungana zamani kununua mashamba ya walowezi, upande wa Molo na Mau Narok, wakagawana ploti. Ofisi kuu ilikuwa hapa Nakuru. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, gredi hatutaitaja, na miezi sita ya chuo cha kompyuta kilichokuwa juu ya duka la vitambaa. Nilijiona injinia.

Fundi Mkuu alikuwa Mzee Gurdeep, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, mwenye kilemba cha samawati na Kiswahili cha gereji. Alinieleza kwamba seva ya Unix haiaminiwi kwa diski moja. Diski ni sahani inayozunguka, na kila kinachozunguka siku moja husimama. Kwa hivyo unaweka mbili, na kila neno linaandikwa kotekote kwa wakati mmoja; moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, na wateja hawajui kulikuwa na msiba. Hicho ndicho tulichokiita kioo.

Nikamwambia nimeona taa mbili za kijani, bila shaka kioo kipo.

“Taa haijui kusoma, kijana,” akasema. “Uliza mashine.”

Kuuliza ni hivi. Unaandika amri ya lsvg na jina la kundi la diski, inakuletea orodha, na kwa kila sehemu kuna namba tatu. Ya kwanza ni vipande vya data. Ya pili ni vipande vilivyotumika kuihifadhi. Ikiwa mara mbili ya ile ya kwanza, basi nakala ni mbili. Ya tatu ni idadi ya diski zilizobeba nakala hizo. Wengi, alisema, huishia ya pili kwa sababu inafurahisha. Kila Jumatatu asubuhi tulifanya ukaguzi huo na kujaza fomu: Diski zina kioo? Ndiyo au Hapana. Halafu sahihi.

Katikati ya mwaka Mzee alistaafu, na mimi nikahamishiwa Molo kuingiza vitabu vya rejista, kwa laini ya simu, kwenye seva ya Nakuru: jina, namba ya ploti, ekari. Baridi ya huko inaingia hadi kwa kibodi. Wazee walipanga foleni na vyeti vyao vya hisa, vingine vimekunjwa tangu enzi ya baba zao. Mama Eunice, mjane mkulima wa viazi, alileta chake ndani ya kopo la kakao. Nilimwingiza mwenyewe, ploti 318, nikajitapa kidogo.

“Sasa hata nyumba ikiungua, mathe, wewe uko kwa mashine. Tena mara mbili.”

Akacheka, akanipa viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye leso. Nilitembea hadi nyumbani nikiota.

Novemba nikarudishwa Nakuru, kwa kuwa kiti cha Fundi Mkuu kilibaki wazi. Jumatatu ya kwanza niliuliza mashine. Namba ya pili ilikuwa mara mbili ya ile ya kwanza. Namba ya tatu ilikuwa moja. Nikainama kuangalia: nafasi ya diski ya pili ilikuwa imezibwa kwa kipande cha plastiki. Meneja alikuwa ameihamishia diski hiyo kwenye mashine ya ofisi yake, na fundi wa kukodiwa akapanga nakala zote mbili ndani ya ile iliyobaki, ili ukaguzi usilalamike.

Nikaenda kumwambia Meneja kwamba hiyo ni sawa na kuweka ufunguo wa akiba kwenye mfuko uleule. Hakuinua macho.

“Fomu inauliza kama kuna kioo. Mashine inasema nakala ni ngapi?”

“Mbili, bosi, lakini...”

“Basi kipo. Diski ingine inakuja Januari. Na Januari wewe unaenda ile kozi ya kompyuta ya Nairobi, ama umebadilisha nia?”

Sikuwa nimebadilisha. Nilikuwa nimeshawaambia nyumbani. Nikaweka alama kwenye Ndiyo, nikatia sahihi, na kila Jumatatu iliyofuata mkono ulizidi kuwa mwepesi.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, haikuleta diski wala kozi. Watu wa pande hizi hawahitaji nieleze ilileta nini. Ofisi ya Molo iliteketea pamoja na vitabu vyote vya rejista. Ziliteketea pia kanda za nakala, ambazo kila mwisho wa mwezi tulizituma huko ili Nakuru ikiungua zisalie. Ulikuwa mpango mzuri. Moto ndio uliotokea upande mwingine.

Ikabaki diski moja. Asubuhi moja ya Februari, baada ya stima kupotea na kurudi mara tatu, ilianza kulia kama mtu anayekuna sufuria. Kufikia saa nne ikanyamaza, na nakala zote mbili zikanyamaza nayo.

Wiki hiyohiyo Mama Eunice alifika kaunta akitokea kambi ya wakimbizi wa ndani, bila kopo.

“Cheti kiliungua na nyumba,” alisema. “Lakini sina wasiwasi. Si uliniingiza wewe mwenyewe? Niangalizie tu.”

Nilimweleza. Alisubiri nimalize, kisha akauliza kama hata ile ya pili haipo.

Katibu wa kampuni alitaka mwenye makosa. Fomu za tangu Novemba zikatolewa, na sahihi zote zilikuwa zangu. Meneja alisikitika sana mbele yake. Ile kozi ya Nairobi, ilipofanyika, alienda yeye.

Kwa hivyo nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tano. Natengeneza simu Gilgil, kando ya barabara kuu, na bado naota, sijui kuacha. Ninyi mnaoanza, msiishie namba ya pili. Na mkiambiwa mtie alama, kumbukeni meneja hatii sahihi.

Nimekaa nikaandika kwa kalamu kila mwanachama wa Molo ninayemkumbuka, na ploti yake. Wametimia kumi na mmoja. Nimeandika karatasi mbili: moja ninayo, nyingine iko kwa Mzee Gurdeep, Nakuru. Wakili amesema hazina nguvu yoyote.

Mama Eunice nilimwonyesha hata hivyo. Alisoma polepole, akajikuta wa nne, akaendelea kusoma hadi mwisho.

“Na jirani yangu, yule wa ploti ya chini?”

Nilimwingiza, najua nilimwingiza. Alikuwa na kofia ya sufu na alinisalimia kwa mikono miwili. Jina ndilo limekataa kurudi.