Godoro la Kurwa na Doto

Binti yangu Doto ndiye aliyeniomba niyaandike haya, yasomwe kliniki siku akina mama wanapowaleta watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Alisema, "Baba, wewe uliyaona. Mimi niliyapumua tu." Huyo Doto ni mtu wa mzaha. Anayajua yote nitakayoyasema.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani kwenye shamba moja la mkonge, upande wa Pangani. Nilikuwa nimesoma hadi sekondari, jambo ambalo wakati ule halikuwa dogo, nami nililibeba kichwani kama kofia. Kazi yangu ilikuwa banda la brashi, pale singa, yaani nyuzi, za mkonge zilizokaushwa zinaposuguliwa na mashine mpaka zing'ae. Banda lile lina vumbi jeupe. Wafanyakazi walikuwa wakitoka jioni nyusi zao nyeupe kama za wazee, wakikohoa. Mimi nilisimama mlangoni na kuwapekua, kwa sababu makapi laini yanayodondoka chini ya mashine yalikuwa mali ya shamba. Hakuna aliyeruhusiwa kuyachukua.

Mke wangu, Zaina, alipata uchungu mimba ikiwa na miezi saba. Akazaa mapacha, wote wasichana, Kurwa na Doto. Walikuwa wadogo sana. Ngozi yao ilikuwa nyekundu, na mishipa ilionekana. Hawakulia, walitoa sauti kama ya kifaranga. Shemeji yangu alikuja kuwatazama akasema, "Karani, na elimu yote hiyo umeshindwa kusubiri miezi tisa?" Watu walicheka. Nami nilicheka.

Mama mkwe, Bi Mwanakombo, alikuja kutoka Kigombe kumlea mzazi. Alipowaona alisema, "Hawa hawajaiva. Ndizi changa huvundikwa. Nasi tutawavundika." Akafunga madirisha. Akaweka jiko la makaa chumbani, na asubuhi na jioni akafukiza ubani na udi katika chetezo, mama na watoto wakiwa wamefunikwa nguo moja. Ndivyo alivyolelewa yeye, ndivyo alivyomlea Zaina. Watoto wakapata joto. Wakanyonya. Tukasema wamepona.

Mimi nikataka kufanya langu. Kitanda chetu kilikuwa cha kamba, kigumu, na watoto walikuwa mifupa mitupu. Nikawa nachukua makapi ya mkonge kidogo kidogo ndani ya shati. Mpekuaji nilikuwa mimi, nani angenipekua? Yalipokuwa ya kutosha nikamwambia Zaina ni usufi nimenunua mjini. Akashona godoro dogo. Lilikuwa laini kuliko godoro la meneja. Kila ukilibonyeza hutoa vumbi jembamba, hulioni ila mwanga wa jua ukipita.

Arobaini ilipopita walianza kukohoa. Kurwa ndiye aliyezidi. Alikuwa akivuta pumzi kifua kinapiga mluzi, mbavu zinabonyea ndani, na shimo la koo linazama kila anapovuta. Pua zinatanuka. Midomo ikawa rangi ya zambarau. Hakuweza kunyonya, kwa maana mtoto hawezi kunyonya na kutweta kwa pamoja. Bi Mwanakombo aliongeza ubani.

Tukampeleka hospitali ya mjini Tanga. Daktari alimsikiliza mgongoni, akampiga sindano, akaagiza apewe hewa ya mtungi. Mluzi ukapungua. Kisha akatugeukia.

"Huyu alizaliwa kabla ya siku zake. Mapafu yake hayakukomaa, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kinachomkohoza mtoto mwingine kidogo, huyu kinaweza kumziba. Hii inaweza kuwa pumu. Nyumbani mnapikia wapi?"

"Uani, na siku za mvua ndani," nikasema.

"Mnafukiza?"

Bi Mwanakombo alijibu mwenyewe. Nguo zake zilikuwa zinanukia udi pale pale. "Ndiyo, baba. Kila siku."

"Acheni. Moshi wa aina yoyote usiingie alipo. Sigara je?"

Sikuwa mvutaji.

"Analalia nini?"

Daktari yule nilikuwa nimemwona akitembelea nyumbani kwa meneja. "Usufi," nikasema.

"Usufi nao una vumbi. Uanikeni juani, muuvike kitambaa kizito." Akageuka.

Nilijua wanaofanya kazi katika banda la brashi wanakohoa. Nilikuwa nikiwatazama kila siku. Hilo siwezi kulipunguza.

Tulirudi nyumbani nami nikasema kwa sauti, majirani wanasikia, "Mama, umesikia mwenyewe. Ni chetezo chako." Hakunijibu. Mkwe hajibizani na mkwe. Alikitoa chetezo nje, akamwaga makaa, akakifunga katika kanga yake.

Kurwa alirudi kulala juu ya lile godoro. Alishikwa tena asubuhi moja, nikiwa kazini. Walikuja kuniita. Nilipofika alikuwa mapajani mwa bibi yake na mluzi ulikuwa umekwisha. Nilifikiri amepata nafuu.

Tukamzika. Nakumbuka siku ile mtu mmoja alinisifu kwa jinsi nilivyojikaza.

Mama mkwe alirudi Kigombe. Mwenzake akiwa hayupo, Doto akapata godoro zima peke yake. Moshi haukuwepo tena. Zaina alipika uani hata mvua ikinyesha, mfuko wa gunia kichwani. Hata hivyo Doto akaanza. Mluzi ule ule. Nilikuwa nikiusikia kutoka mlangoni, nami narudi zangu nje.

Zaina akaomba aende kwao akapumzike na msiba. Nilipokwenda kuwachukua, Doto alikuwa amekaa mkekani, mashavu yamejaa, anajaribu kula mchanga. Kifua kimya. Bibi yake alikuwa amekaa mbali naye, upande ambao upepo hauvumi kuelekea kwa mtoto, kama kwamba yeye mwenyewe ni moshi.

Tuliporudi shambani, hata juma halikuisha. Mbavu zikaanza kubonyea. Tukakimbilia hospitali, sindano tena, mtungi tena. Safari hii alikaa wodini, nasi tukakaa chini, kando ya kitanda chake. Zaina alikuwa anafikiri. Hakusoma hata darasa moja.

"Mama hafukizi tena," alisema. "Jiko liko nje. Kigombe alilala mkekani, akapona. Hapa wodini analalia shuka la mpira, anapumua. Kule shambani analalia godoro lako." Akanitazama. "Ndani ya godoro lile mna nini?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alimfunika mtoto, akasema, "Nenda kamwambie daktari. Kisha rudi."

Daktari alinisikiliza amesimama. Nilimwuliza kama godoro ndilo lililomuua Kurwa. Akasema hawezi kusema. Mtoto alikuwa dhaifu, kulikuwa na moshi, kulikuwa na vumbi, labda na mafua. Hakunishtaki kwa meneja. Aliniambia nilitupe godoro, nivue nguo za kazi nje ya nyumba na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, sakafu ifutwe kwa kitambaa cha maji badala ya kufagiwa kavu, madirisha yafunguliwe. Nilipofika nyumbani Zaina alilichana godoro kwa kisu, akalizika nyuma ya choo.

Doto alishikwa mara nyingine, hasa akipata mafua, lakini kila mara ilikuwa nyepesi kuliko iliyopita. Alipofika umri wa shule alikuwa anakimbia na wenzake. Pumu haikumwacha kabisa. Mpaka leo akipita penye moshi hufunika pua kwa mtandio. Ila yuko hai, ana wajukuu.

Ni hili lililobaki. Doto alipoolewa, wanawake walitaka mkono wa bibi yake kuzifukiza nguo za bibi harusi, Doto mwenyewe akiwa mbali na moshi. Bi Mwanakombo akakataa, akatoka nyumbani. Nilimkuta ameketi nyuma ya jiko.

"Mama, kwa nini hufukizi nguo za mjukuu wako?"

"Kwa mkono huu, baba? Uliomuua mwenzake?"

Nikaketi chini, mbali kidogo, kama inavyopasa. Nikamwambia habari ya makapi, na shati, na jibu nililompa daktari. Nilimwambia yote nikitazama mchanga. Moshi ulikuwa na sehemu yake, sikumficha. Lakini sehemu yangu, nje ya Zaina na daktari, sikuwa nimempa mtu aione, na yeye aliibeba yote.

Ngoma zilikuwa zinapigwa mbele ya nyumba.

"Ungalinambia wakati ule, baba," alisema, "ningalikuwa nalala usingizi."

Kisha akainuka, akajikung'uta mchanga, akaenda kutazama harusi. Hakuliongea tena mpaka alipofariki.

Namshukuru Mungu kwa pumzi ya Doto. Nawashukuru daktari yule, na Zaina, aliyeuliza nilipokuwa sitaki kuulizwa. Nanyi mliozaa kabla ya siku: mtoto wenu anaweza kuishi. Huyu mmoja ameishi. Mpeni joto la mwili wenu, kifua kwa kifua, badala ya moshi. Anikeni matandiko yake. Mkiona mbavu zinabonyea, msingoje kesho.

Na daktari akikuuliza mtoto analalia nini, mjibu.